Mbwa wa Nyumbani Naye Afanye Mtihani



Leo ukurasa wetu ni juu ya mbwa. Najua wengine mtasema: pamoja na shida zote tulizo nazo, pesa za masomo, bei ya unga, mama huyu anatuletea habari za mbwa? Ngojeni kidogo. Nitawaelezea jambo lililotokea kwangu nyumbani, na mkimaliza kusoma mtaniambia kama ni habari ya mbwa au ni habari ya watoto wetu.

Sisi tuna mbwa, jina lake Simba. Tulimpata akiwa mdogo, na tulimtafuta kwa sababu ileile inayofanya watu wengi wa Bukavu watafute mbwa: usiku. Tulitaka mtu akikaribia ukuta tujue. Mchana tulimfunga kwa kamba fupi nyuma ya jiko la nje, usiku tukamfungua. Chakula chake kilikuwa mabaki ya bugali. Mgeni akija na Simba akibweka mpaka mate yanaruka, baba watoto alicheka na kusema, "Huyu ni mlinzi kweli." Watoto wa avenyu walipopita walimtupia mawe kwa sababu wanajua amefungwa, na wangu nao walicheka. Katika nyumba nzima hakuna aliyemfundisha neno hata moja, isipokuwa "Toka!"

Jioni moja mtoto wa jirani yangu, kijana wa miaka saba, alikuja mbio kurudisha sufuria ambayo mama yake aliazima kwetu. Siku ile Simba alikuwa amefunguliwa mapema. Mtoto alipomwona, akaogopa, akatupa sufuria na kugeuka kukimbia. Mimi nilikuwa ndani. Nilisikia kelele, nikatoka, nikakuta sufuria chini na mtoto ameshaondoka. Nikafikiri ameogopa tu. Nikaokota sufuria yangu, nikarudi kupika sombe.

Kumbe Simba alikuwa amemwuma kwenye shavu la mguu. Mtoto hakusema. Aliogopa mama yake atamchapa kwa kukimbia-kimbia katika parsele za watu. Akavaa suruali ndefu siku mbili. Siku ya pili jioni mama yake akamwita kumwogesha, akaona.

Alikuja kwangu amemshika mtoto mkono. Hakupiga kelele. Aliniuliza neno moja tu: "Dada, mbwa wako amechanjwa?"

Sikuwa na jibu.

Siku nane za kungoja

Tulimwosha mtoto kidonda kwa maji na sabuni, ingawa siku mbili zilikuwa zimepita, tukampeleka kwa waganga. Wakatueleza mambo mawili. La kwanza, sindano za mtoto zianze bila kungoja. La pili, mbwa asiuawe, afungwe mahali salama na aangaliwe mpaka siku 10 zitimie tangu siku aliyouma. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na ugonjwa siku aliyouma, ugonjwa utaonekana na atakufa kabla ya siku 10 kwisha. Akibaki mzima, basi siku ile hakuwa nao katika mate.

Siku mbili zilikuwa zimekwisha, zilibaki nane. Pesa niliyopata kwa zamu yangu ya likelemba, niliyotaka kuongezea biashara yangu ya sambaza, iliisha kwenye nauli na sindano, na haikutosha. Kila asubuhi jirani yangu alisimama upande wake wa ukuta na kuuliza, "Amekula?" Mimi nikajibu, "Amekula." Hayo ndiyo maneno pekee tuliyosemezana, sisi tuliokuwa tukiazimana sufuria, chumvi na makala tangu tulipohamia kartie ile.

Siku ya 10 Simba alikula, akanywa maji, akatingisha mkia. Nilikaa chini nikalia.

Wamama, kichaa cha mbwa si mchezo. Kikishaanza kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kinaua watu karibu 59,000 kila mwaka duniani, walio wengi Afrika na Asia, na katika kila watu 10 wanaoumwa na mbwa anayeshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wagonjwa wote wanaupata kwa mbwa, si kwa mnyama wa porini. Lakini ni ugonjwa unaozuilika. Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alimchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885 baada ya kuumwa na mbwa, na mtoto yule akaishi. Tangu wakati ule dunia inajua njia. Kazi ni kuifuata.

Basi wekeni haya moyoni. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15. Usipake pilipili, mafuta, majani wala udongo. Mpeleke kwa waganga siku ileile, na kama siku zimepita, mpeleke hata hivyo. Sindano zikianza, msiruke hata moja. Na tuwaambie watoto wetu waziwazi, leo hii kabla halijatokea: "Ukiumwa na mbwa, njoo uniambie, sitakuchapa." Mtoto wa jirani yangu alificha kidonda kwa sababu ya hofu ya fimbo. Hofu ile ingeweza kumwua.

Nani alikuwa na kosa?

Ile siku ya 10 ilipopita, watu wengi walitushauri tumwue Simba. Baba watoto naye alikuwa tayari. Lakini mimi nilikuwa nimewaza siku nane. Simba hakuamka asubuhi akaamua kuwa mbaya. Sisi tulimfunga mchana kutwa, watoto wakamfundisha kwamba mtoto mdogo ni mtu wa mawe, na sisi wakubwa tukamsifu kila alipokaribia kumrarua mgeni. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Alishika masomo yote tuliyompa.

Mara nyingi nasikia tukisema kwamba mbwa wa kufundishwa ni wale wa wazungu, hawa wetu wa hapa hawaelewi. Si kweli. Kuna mbwa wanaoitwa Basenji, wanaojulikana duniani kote, na asili yao ni misitu ya Congo yetu. Wawindaji wa msituni waliwafunza kufukuza nyama kuelekea kwenye nyavu, na kwa kuwa mbwa hawa hawabweki kama wengine, waliwafunga njuga shingoni ili wasipotee. Babu zetu walikuwa wanafundisha mbwa kabla hatujasikia habari za mashule ya mbwa. Na hapa karibu, katika Mbuga ya Virunga, Kivu ya Kaskazini, tangu mwaka 2011 kuna kikosi cha mbwa wa kunusa wanaofanya kazi na walinzi wa mbuga kufuata nyayo za majangili. Walinzi wenyewe, Wacongomani kama sisi, ndio wanaowalisha, kuwasafisha na kuwafanyia mazoezi kila siku.

Basi nikasema, tujaribu miezi mitatu. Nikamwita veterineri, daktari wa wanyama, akamchanja Simba. Halafu tukaanza shule.

Namna tulivyomfundisha

Jambo la kwanza lilikuwa kupatana sisi wenyewe. Baba alikuwa akimwambia "Kaa!", watoto wanasema "Assis!" kama walivyosikia mtaani, bibi yao anamsemesha kwa Mashi. Mnyama ataelewa nini? Tukachagua maneno manne tu, na nyumba nzima ikayafuata: kaa, njoo, ngoja, acha. Neno linasemwa mara moja, kwa sauti ya kawaida. Ukilisema mara tano, mbwa anajifunza kutii mara ya tano.

La pili ni malipo. Nilichukua sambaza zilizokaushwa, nikakata vipande vidogo kama punje ya mahindi. Unashika kipande mbele ya pua ya mbwa, unakipandisha polepole juu ya kichwa chake. Akitazama juu, matako yanashuka yenyewe. Palepale yanapogusa chini unampa na kumsifu. Ukichelewa hata kidogo, ameshasahau unamlipa kwa sababu gani. Baada ya siku chache unasema "kaa" kabla ya kupandisha mkono, na baadaye neno peke yake linatosha. Sambaza moja ndogo inatoa masomo matatu. Hakuna mama atakayefilisika.

La tatu ni muda. Dakika tano asubuhi, dakika tano jioni, kabla hajala. Mbwa akishiba hana haja ya sambaza, na akichoka anaanza kukosea, na wewe unaanza kukasirika. Acha wakati bado anafurahi.

La nne lilitusumbua zaidi: kuacha fimbo. Mbwa anayepigwa akinguruma, anaacha kunguruma, lakini hofu inabaki ndani. Kunguruma ni onyo lake. Ukimwondolea onyo, siku ile ataruka moja kwa moja na meno. Akikosa, sisi tulimnyima tu kile anachotaka: akiruka juu ya watu, tunamgeuzia mgongo, akivuta kamba, tunasimama mpaka ailegeze, ndipo tunaendelea. Wakati huohuo tulibadilisha kamba fupi kwa ndefu, tukamwekea maji na kivuli, na kila siku mtu mzima mmoja akawa anamtembeza.

La tano lilikuwa shule ya watoto, si ya mbwa. Mbwa anayekula, anayelala au mwenye watoto wake, haguswi. Hatupiwi mawe, hata amefungwa. Mbwa usiyemjua akikujia, usikimbie na usimkazie macho: simama kama mti, mikono chini, kimya, mpaka aondoke. Ukianguka, jikunje na ufunike kichwa na shingo kwa mikono. Watoto wangu walijifunza haya kwa mchezo, mmoja akiwa mbwa na wengine wakiwa miti, wakacheka sana. Lakini wameyashika.

Mtihani

Mwezi wa tatu baba watoto akauliza, "Sasa tutajua namna gani kama amejifunza?" Swali zuri. Mtoto hapandi darasa bila mtihani, kwa nini mbwa apande?

Huko Marekani kuna chama kikubwa cha mbwa, American Kennel Club, ambacho tangu mwaka 1989 kina mtihani wa mbwa wa nyumbani wenye sehemu 10. Hautazami uzuri wala aina ya mbwa. Unatazama adabu: kama anamkubali mgeni, kama anapita kati ya watu bila kusumbua, kama anakuja akiitwa. Na jambo lililonigusa ni hili: kabla mbwa hajapimwa, mwenye mbwa anatia sahihi ahadi kwamba atamtunza, atamlinda afya, na hatamwacha asumbue wengine. Binadamu ndiye anaanza.

Sisi tulijitengenezea mtihani wetu, wa parsele ya Bukavu. Uchukueni, muubadilishe mnavyotaka. Mbwa awe kwenye kamba, iliyoshikwa na mtu mzima mwenye nguvu, na wapimaji wawe watu wazima. Mtoto hatumiwi kupima mbwa, hata siku moja.

1. Mgeni mlangoni. Mtu mzima asiyekaa nyumbani anagonga. Mbwa anaweza kubweka, hiyo ni kazi yake. Lakini ukisema "acha", anaacha na kukaa, na mgeni anaingia, anasalimiana nawe kwa mkono.

2. Sahani. Unaweka bugali chini. Mbwa anangoja mpaka umruhusu. Halafu unatupa kipande cha nyama kando ya sahani na kurudi nyuma: asikaze mwili, asingurume.

3. Kuguswa. Mtu wa nyumbani anamshika masikio, miguu, anamfungua midomo. Asiyekubali kuguswa hawezi kuchanjwa wala kutibiwa.

4. Njiani. Mnatembea naye kwenye avenyu wakati watu wanatoka sokoni. Pikipiki zinapita, mbuzi wanapita, mama anapita na bidoni kichwani. Kamba inabaki imelegea.

5. Mbwa mwingine. Mnapishana na mbwa wa mtu kwa umbali wa hatua chache. Anaweza kutazama, lakini asivute wala asirukie.

6. Sufuria. Kitu kinaanguka nyuma yake kwa kelele. Anaweza kushtuka. Asikimbie, asishambulie.

7. Njoo. Katika parsele iliyofungwa, unamwachia kamba, unaenda hatua 10, unamwita mara moja. Anakuja.

8. Kubaki. Unampa mtu mwingine kamba, unaingia ndani dakika tatu. Anangoja bila kulia wala kuvuta.

Akikosa moja, hajafaulu. Hachapwi, anarudia masomo. Na mbwa ambaye tayari ameuma mtu, au anayeng'ang'ania kushambulia, msijaribu peke yenu: mwiteni veterineri kwanza. Na aliyebadilika ghafula, anayetoa mate mengi, anayeshindwa kumeza au kutembea vizuri, anayeuma hata vijiti, huyo si wa kufundisha. Msimguse. Ondoeni watoto, toeni habari haraka.

Mtihani wa Simba ulihitaji mpimaji. Nilijua ni nani anayefaa, na niliogopa kumwomba. Siku moja nilisimama kwenye ukuta nikamwambia jirani yangu yote tuliyofanya, nikamwonyesha karatasi ya chanjo. Nikamwambia, "Wewe ndiye useme kama amefaulu. Ukisema hapana, hatabaki hapa." Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Nitakuja Jumamosi. Lakini mtoto wangu haji."

Akaja. Akagonga mlango. Simba akabweka mara mbili, nikasema "acha", akakaa. Nilikuwa ninatetemeka kuliko mbwa. Jirani yangu alipima namba zote nane, moja baada ya nyingine, na ile ya sufuria aliiangusha yeye mwenyewe, kwa nguvu zote. Simba akashtuka, akasimama, akanitazama. Kwenye namba ya nane alikosa: nilipoingia ndani alianza kulia kabla dakika moja haijaisha. "Hajafaulu," akasema jirani yangu. Ni kweli, hakufaulu. Alirudia baada ya majuma matatu, ndipo akapita.

Msifikiri mambo yote yamerudi kama zamani. Mtoto wake bado hapendi kupita kwetu, na sisi hatumlazimishi. Akija mtoto yeyote, Simba anafungwa kwanza, hata kama amefaulu, kwa maana mtihani haumgeuzi mbwa kuwa malaika. Lakini sufuria imeanza tena kupita juu ya ukuta.

Kwa vikundi vyetu, naomba mambo mawili kwenye mkutano wa juma hili. Kwanza, kila mama mwenye mbwa aseme mbele ya wenzake kama amechanjwa na lini. Tusione haya, mimi nilikuwa wa kwanza kukosa jibu. Mtoto wa mbwa anaweza kuchanjwa akifikisha miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kama veterineri anavyoagiza. Pili, tuweke pesa kidogo kidogo kwenye sanduku ili tumwite veterineri aje siku moja kuchanja mbwa wote wa avenyu. Siku nzuri iko: kila mwaka tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mbwa mmoja aliyechanjwa anasaidia nyumba moja, lakini ugonjwa unakatika pale wanapochanjwa walio wengi, angalau 70 katika kila 100.

Na usiku wa leo, unapomfungulia mbwa wako, jiulize swali alilonileta nalo jirani yangu. Ukiwa na jibu, lala vizuri. Kama huna, kesho asubuhi anza na hilo.